Wiki nane za kukosolewa: uzoefu wangu na huduma ya kupima mawazo ya startapu

Kwa miaka miwili nilikuwa na wazo la startapu, yaani kampuni changa ya kuanzishwa kutokana na wazo jipya, ambalo sikumwambia mtu. Niliogopa kuibiwa. Siku nilipolitoa hadharani, mbele ya watu watano nisiowajua, hakuna aliyelitaka hata kwa bure.

Huduma yenyewe naiacha bila jina kwa sababu nina lawama nayo kadhaa, na sina nia ya kuichafua. Inaendeshwa hivi: unalipia wiki nane, unapangwa kwenye kundi la watu sita, mnakutana mara moja kwa wiki kwa video. Kila kikao watu wawili wanaweka mawazo yao mezani. Siku mbili kabla, unatuma maelezo ya ukurasa mmoja, yasizidi. Kikao kikianza unazima kipaza sauti chako, na kwa dakika ishirini wenzako wanalijadili wazo lako kana kwamba haupo. Ruhusa yako ni kuandika tu. Baada ya hapo unapewa dakika kumi, tena si za kujitetea bali za kuuliza maswali. Juu ya hayo kuna mshauri anayekupa alama kati ya 1 na 10, na tathmini ya maandishi inayotolewa na akili mnemba (AI).

Nilipojiandikisha, kitu cha kwanza nilichodai ni mkataba wa kutunza siri. Mratibu akakataa kwa upole, akasema hakuna kundi lililowahi kusaini. Niliudhika, nikakaribia kudai pesa yangu. Ndipo nikaingia kusoma, nikagundua kwamba nilikuwa nalinda kitu ambacho sheria yenyewe hailindi. Hakimiliki inalinda namna wazo lilivyoandikwa au kuchorwa. Wazo lenyewe haligusi. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ule wa kimataifa kuhusu haki za ubunifu, unalisema hilo waziwazi katika kifungu cha 9. Hataza, haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, ni habari nyingine: kama umevumbua kitu cha kiufundi kweli, kukitangaza kabla ya kuwasilisha maombi kunaweza kukuharibia. Marekani wanakupa mwaka mmoja wa nafuu tangu ulipokitangaza, lakini mfumo wa hataza wa Ulaya kwa kawaida haukupi hata siku moja. Kwa hiyo mwenye uvumbuzi wa namna hiyo aanze na wakili, aje kukosolewa baadaye. Mimi nilikuwa na programu ya kukumbusha watu kuhusu risiti. Hapakuwa na cha kuiba.

Wazo lilikuwa hili. Ukinunua kifaa unapiga picha risiti, programu inasoma tarehe, inahifadhi muda wa waranti, kisha inakukumbusha kabla haujaisha. Lilinijia siku kompyuta yangu ilipozimika ikiwa na miezi kumi tu. Nikatoa risiti kwenye droo nikakuta karatasi nyeupe. Risiti nyingi hazichapwi kwa wino. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na joto au mwanga ukiendelea kuipiga, maandishi yanafifia. Niliigeuza ile karatasi kwenye taa nikitafuta hata herufi moja. Ukurasa wangu ulianza na kisa hicho, na nilikipenda mno. Kwenye sehemu ya wateja niliandika: "Kila mtu mwenye simu."

Zamu yangu ilifika wiki ya pili. Wa kwanza kusema alikuwa kaka mmoja mchangamfu: "Hii mimi ningeitumia." Wa pili akamuunga mkono. Kwenye daftari nikaandika "wawili wanaitaka", nikapigia mstari. Nilikuwa nimeshaanza kupanga rangi za nembo kichwani.

Kisha dada mmoja, ambaye kazi yake ni kusimamia vifaa vya ofisi katika kampuni fulani, akauliza taratibu tu: "Jamani, mara ya mwisho kitu kuwaharibikia kikiwa bado kwenye waranti ilikuwa lini? Na mlifanya nini?"

Kimya. Mmoja akasema ni birika la umeme; alilitupa, akanunua jingine. Mwingine alitafuta jina la duka kwenye barua pepe, risiti ikatokea, kazi ya dakika moja. Yule kaka mchangamfu akacheka: "Kusema kweli, mimi sijawahi kudai waranti maishani." Nikaufuta ule mstari. Kukaa kimya ukisikia wazo lako likichunwa ngozi na watu wasio na ubaya wowote nawe ni adhabu, lakini ningekuwa na kipaza sauti wazi ningewakatiza pale pale, ningewaeleza kwamba hawajaelewa, na swali la yule dada lingezama kwenye kelele zangu. Kanuni hiyo moja ndiyo ninayoisifu bila kusita katika huduma yote.

Tena yule dada aliongeza kitu ambacho kila mtu alikipita, pamoja na mimi. Alisema kazini ana mashine za kuchapa thelathini na kitu, viyoyozi na kompyuta, vyote kwenye faili la Excel, na mwaka uliopita walilipia matengenezo ya mashine mbili ambazo bado zilikuwa zinatengenezwa bure. "Mimi ndiye niliyeulizwa na bosi," akasema, sauti ikashuka kidogo. Mazungumzo yakaendelea na birika. Kwenye daftari langu neno "mashine za kuchapa" lipo pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, kama kitu kilichoandikwa na mtu mwingine.

Kabla sijafika kwenye lawama, niseme kwamba wiki hizo zilinifanya nisiamini tena hukumu ya mtu yeyote juu ya wazo, nzuri au mbaya. Kila mkosolewaji kwenye kundi letu alikuwa na mfano wa Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, mfukoni. Mwaka 2007 mwanzilishi wake Drew Houston alipoionyesha mtandaoni, mtu mmoja alimjibu kwamba mtumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta unaopendwa na mafundi, anaweza kujitengenezea kitu kama hicho kirahisi tu kwa zana zilizopo. Mwaka 2018 Dropbox ikaingia soko la hisa. Hadithi hiyo hutumiwa kama ngao: "Hata Dropbox ilichekwa." Lakini yule mkosoaji hakusema uongo. Yeye kweli aliweza kujitengenezea. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba wateja wote ni yeye. Airbnb, ile ya kukodisha nyumba kwa wageni, nayo: mwaka 2015 mwanzilishi wake mmoja, Brian Chesky, alichapisha barua za wawekezaji waliomkataa mwaka 2008, kati ya saba waliotambulishwa kwake, watano walikataa na wawili hawakujibu kabisa. Ukigeuza upande wa pili unakutana na Juicero, mashine ya kukamua juisi kutoka kwenye vifuko maalumu. Wawekezaji waliimwagia zaidi ya dola milioni 100. Aprili 2017 waandishi wa shirika la habari la Bloomberg wakaonyesha kwamba vifuko vile unaweza kuvikamua kwa mikono, na kufikia Septemba kampuni ikafungwa. Waliosifu walikosea, waliokataa walikosea. Ambacho kingefaa ni mtu mmoja kushika kifuko na kukibana.

Sasa mshauri. Wiki ya pili alinipa alama 4. Wiki ya nne nikarudisha ukurasa ule ule, sikubadilisha kitu ila kuongeza maneno "kwa kutumia akili mnemba" kwenye sentensi ya kwanza. Nikapata 8. Sikuamini, nikarudia kuangalia kama labda kasoma ukurasa wa mtu mwingine. Halafu kuna lile la mwamba ngoma ngozi kuivutia kwake: yeye aliwahi kuwa na kampuni iliyouzia mabenki, basi kila wazo lililopita mbele yake, liwe la elimu, usafiri au bustani, lilishauriwa likauzwe benki. Risiti zangu pia.

Tathmini ya akili mnemba ni kilemba cha ukoka kitupu. Kila wazo lilikuwa na "uwezo mkubwa" na "soko lisilohudumiwa". Kwa uchokozi nikatuma wazo la saa ya kuamsha ambayo hulia baada ya mtu kuamka mwenyewe. Ikasifu jinsi inavyoheshimu usingizi wa mtumiaji, ikapendekeza niwe na toleo la kulipia.

Lawama nyingine inanihusu mimi mwenyewe. Wiki ya tatu kijana mmoja alileta wazo la kusaidia wanafunzi viziwi kupata maandishi ya somo papo hapo darasani. Nilikuwa nimechoka, nikasema: "Google watalifanya hilo kesho." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, tukahamia jambo jingine. Kijana hakuonekana vikao viwili. Ni ukosoaji wa kivivu kuliko wote, kwa sababu unafaa wazo lolote lile duniani, na kwa hiyo hausemi chochote kuhusu wazo lililo mbele yako. Sikumuuliza hata kama amewahi kukaa na mwanafunzi mmoja kiziwi akaona anavyopata shida. Kumbe alikuwa amekaa na dadake mwaka mzima; alituambia aliporudi, bila hasira, na mimi nikatamani kipaza sauti changu kingekuwa kimezimwa ile wiki. Mratibu alikuwepo, alisikia, hakusema neno. Wanaolipwa kusimamia vikao vya namna hii wanapaswa kumbana mkosoaji kama wanavyombana mwenye wazo.

Wiki ya tano nikapiga moyo konde nikajaribu kitu nje ya vikao. Mwaka 2010 Joel Gascoigne, kabla hajaandika Buffer, programu ya kupanga machapisho ya mitandao ya kijamii, aliweka ukurasa unaoieleza, wenye kitufe. Ukibofya unaambiwa bado haijawa tayari, acha barua pepe. Baadaye akaingiza katikati ukurasa wa bei, aone kama watu wataendelea kubofya wakishajua kuna kulipa. Nikatengeneza kurasa mbili za mtindo huo. Ukurasa mmoja kwa ajili ya watu wa kawaida wenye risiti zao, mwingine kwa ajili ya wasimamizi wa vifaa vya ofisi.

Ukurasa wa kwanza ulitembelewa na watu 140. Tisa waliacha barua pepe, na mmoja tu ndiye aliyebofya bei. Nina wasiwasi alikuwa binamu yangu. Wa pili ulipata watu 23 peke yake, maana sikujua niwapate wapi. Sita walibofya bei. Mmoja akaandika kuuliza kama programu inasoma faili la Excel moja kwa moja, kwa sababu hana muda wa kupiga picha risiti mia mbili. Idadi hizo ni ndogo na hazithibitishi kitu, najua. Lakini kwa miaka miwili hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza swali la kero namna ile, la mtu ambaye tayari anajiona anaitumia.

Kama unaifikiria huduma ya aina hii: usiende kama unatafuta wa kukuambia uendelee au uache, hilo hawaliwezi. Nenda kama uko tayari kutoa ukurasa ulioandikwa wazi na kufunga mdomo. Kabla ya kulipa uliza makundi yanapangwaje. Kundi la waanzilishi watupu litakurudishia maneno yale yale unayojiambia mwenyewe, na bahati yangu ilikuwa kuwekwa na mtu ambaye hakuwa na wazo la startapu hata moja, alikuja tu kwa sababu mwajiri wake alimlipia. Angalia pia kipengele cha kujiandikisha upya. Mimi nilikatwa pesa ya awamu iliyofuata bila taarifa, na kuirudisha kulinigharimu barua pepe nne. Kwa alama yao wenyewe ya 1 hadi 10 naipa 7. Mshauri ndiye aliyekula zile tatu.

Juzi nilimwandikia yule dada kumwomba anionyeshe faili lake. Akanitumia jioni ile ile, majina ya wauzaji ameyafuta. Lina safu kumi na moja. Sita kati ya hizo sikuwa nimezifikiria.