Flashi imegoma kufomatiwa: Diskpart, Rufus, H2testw na wenzao kwenye mizani

Kwenye saiba za Usita wa Mui hapa Lamu, flashi inayoletwa kwa fundi huja na hadithi ileile. Ilibeba video ya harusi au kasida za Maulidi, jana ilisoma vizuri kwenye televisheni, leo Windows inataka iifomati, na ukiikubalia inajibu kwamba imeshindwa kumaliza. Fundi mwenye haraka hufungua programu ya kwanza anayoiona na kubofya mara kumi. Matokeo yake ni kupoteza hata kile ambacho kingeokolewa, maana zana hizi hazifanyi kazi moja, na kila moja ina kifo chake inachokiweza.

Kabla ya programu yoyote, tazama chuma. Mtu akila chumvi nyingi ni sifa, lakini flashi ikila chumvi ni maradhi. Upepo wa bahari huacha kutu ya kijani kwenye pini nne zilizo ndani ya kichwa cha flashi. Mbili za nje hupitisha umeme wa volti 5, mbili za kati hupitisha data, ndiyo maana taa inaweza kuwaka na kompyuta isitambue kitu. Pamba ya masikio yenye isopropili ya asilimia 90 kwenda juu inatosha; subiri dakika kumi ikauke. Kama kichwa kimepinda, huenda risasi ya pini imepasuka, na hapo kinachotakiwa ni chuma cha kuchomelea risasi, si programu. Jaribu pia tundu jingine, moja kwa moja kwenye mashine bila kupitia kigawanyi cha USB.

Diskpart, zana ya kusimamia diski kwa kuandika amri, inapata alama ya kwanza kwa sababu imo ndani ya Windows tayari, na bando si la bure. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Itambue flashi kwa ukubwa wake: ya 64GB huonekana takriban 58 hadi 59. Andika select disk pamoja na namba yake, na hapa uwe na macho, kwa kuwa Disk 0 kwa kawaida ndiyo diski ya kompyuta yenyewe, na amri ya clean haiulizi mara mbili. Watu wamefuta laptopu nzima wakidhani wanasafisha flashi.

Usikimbilie clean, lakini. Andika kwanza attributes disk na usome mistari miwili. Ukikuta "Read-only : Yes", kufuli imewekwa na mfumo, nayo hutoka kwa attributes disk clear readonly. Ukikuta "Read-only : No" huku "Current Read-only State : Yes", kufuli iko kwingine: ama swichi ndogo ubavuni (zipo flashi zenye swichi), ama rejista ya Windows (hazina ya mipangilio yake, inayofunguliwa kwa regedit), ama ndani ya flashi yenyewe. Rejista hupimwa kwa kuchomeka flashi nyingine. Ikiandikika, rejista haina kosa. Isipoandikika, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies, weka WriteProtect iwe 0, uwashe mashine upya. Kwenye Linux jibu huja haraka zaidi: sudo dmesg | tail mara baada ya kuchomeka, na kama flashi imejifunga utasoma "Write Protect is on".

Kujifunga huku hakuna virusi ndani yake. Chipu ya kumbukumbu imegawanywa vipande, na kila kipande huvumilia kufutwa mara zenye kikomo. Kwa chipu za TLC, yaani zinazobana biti tatu kwenye kila seli, kikomo hicho ni takriban mara elfu moja hivi. Kontrola, yaani ubongo wa flashi, huwa na vipande vya akiba vya kuziba pengo la vilivyokufa. Akiba ikiisha, hufunga mlango wa kuandika na kuacha wa kusoma. Wengine huona ni ubaya, kumbe ni wasia: flashi inakupa nafasi ya mwisho ya kunakili. Dalili nyingine ya kifo hichohicho ni fomati inayodai kufaulu, kisha ukichomoa na kurudisha, mafaili ya zamani yote yako palepale. Hapo Diskpart haina dawa, na hiyo si aibu yake. Faili zisipofunguka, PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, husoma bila kuandika chochote kwenye flashi, mradi uielekeze kuhifadhi kwenye diski nyingine.

Kama mlango uko wazi, mwendo ni huu: clean, create partition primary, format fs=exfat quick, assign. Kwa redio ya tuktuk au televisheni ya zamani badilisha exfat iwe fat32, ukijua kwamba FAT32 haipokei faili moja inayofika 4GB, kwa hiyo video ndefu ya harusi itakataliwa hata flashi ikiwa tupu. Dirisha la fomati la Windows, na Diskpart yenyewe, kwa miaka mingi vimegoma kutoa FAT32 kwa flashi iliyozidi 32GB. Rufus haina kizuizi hicho, ni ndogo, haihitaji kusakinishwa, na ina kisanduku cha kukagua vipande vibovu. Kwa fomati za kawaida ndiyo tungeiweka kwenye kila mashine ya saiba. SD Memory Card Formatter ni nzuri kwa kadi, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya kadi; kwa flashi ni kuazima jembe la jirani.

Kuna flashi ambayo Diskpart inaiandikia "No Media", ukubwa 0. Kontrola iko hai lakini haioni chipu yake. Hapo mafundi hutoa ChipGenius, inayotaja namba za VID na PID (utambulisho wa mtengenezaji na wa bidhaa) na aina ya kontrola, Phison, Alcor, Silicon Motion au FirstChip, kisha huenda kutafuta programu ya kiwandani inayolingana. Kama kusoma taarifa, ChipGenius inafaa. Programu za kiwandani ni jambo jingine: hufuta kila kitu, zikikosea aina ya kontrola humalizia flashi, na nyingi hupatikana kwenye tovuti zinazogawa virusi pamoja nazo. Hata zikifaulu, mara nyingi ukubwa hupungua kwa sababu vipande vibovu vimetengwa. Kwa flashi tupu ya bei ndogo, saa tatu za fundi zinagharimu kuliko flashi mpya. Mwenye data ya maana asikubali kabisa mtu aanzie hapo.

Zana yenye faida kuliko zote haifufui chochote. H2testw hujaza flashi kwa mafaili ya 1GB kisha huyasoma tena kuona kama yamerudi yalivyo. Dawa hii ni ya flashi za uongo, ambazo kontrola imefundishwa kusema 64GB huku chipu ni ya 8GB. Fomati ya haraka haigundui, kwa sababu huandika majedwali ya mwanzo tu. Nyimbo za kwanza zitapiga vizuri, na baada ya 8GB kinachoandikwa kinapotea au kinafunika cha zamani, ndipo flashi inaanza kudai fomati kila wiki. Kasoro ya H2testw ni muda: 64GB kwa kasi ya kuandika ya megabaiti 10 kwa sekunde ni karibu saa moja na dakika 47, na kusoma juu yake.

Kwa mtu wa Lamu anayenunua Malindi au Mombasa, muda huo ndio kikwazo, kwani kurudisha mbuzi aliyekuwa kwenye gunia ni boti hadi Mokowe na basi juu yake. Hapa F3 ya Linux inashinda. Sakinisha kwa sudo apt install f3, kisha sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb, ukihakikisha sdb ndiyo flashi na haina kitu unachokitaka. Kwa kawaida hutoa ukubwa wa kweli kwa dakika chache, ungali mbele ya muuzaji. Ikigundua uongo, hukuandikia na amri ya f3fix yenye namba ya sekta ya mwisho. Ukiiendesha, flashi inabaki na patisheni ya ukubwa wake halisi na inatumika. Andika "8GB" kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kava, kwa sababu f3fix haibadilishi kontrola, na siku mtu wa nyumbani atakapotumia clean, ule uongo wa 64GB utarudi.