Utando wa YBCO niliouagiza Ulaya: uzoefu wangu Lubumbashi

Niseme mapema: utando wenyewe ni mzuri, ufungaji wake ndio mbovu. Niliagiza utando, yaani tabaka jembamba sana, wa YBCO, oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, juu ya bamba la strontiamu titaneti la milimita 10, kwa maabara yetu ya kufundishia. Wanafunzi wa hapa wamezaliwa juu ya shaba. Nilitaka waione ikiwa supakondakta, yaani kitu ambacho kikipoa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote.

Muuzaji hutengeneza kwa sputaringi: ndani ya chemba ya utupu, ioni za agoni zinagonga kigae cha oksidi, atomi zinachomoka na kutua kwenye bamba lenye moto wa nyuzi 700 na zaidi. Kabla ya kulipa nilimuuliza bamba linakaa wapi. Likitazamana na kigae uso kwa uso, ioni hasi za oksijeni zinauchimba utando uleule unaojengwa, na shaba na bariamu zinapungua. Akasema analiweka pembeni, pembe ya nyuzi 90. Kazi inakwenda polepole, lakini ndiyo ninayoitaka. Nikauliza pia anaupoza vipi. Hapo ndipo penye siri: ukipoa bila oksijeni ya kutosha unabaki na YBa2Cu3O6, oksidi hiyohiyo yenye oksijeni pungufu, ambayo hata ukiizamisha kwenye nitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali haigeuki supakondakta.

Nilibandika nyaya nne kwa rangi ya fedha, mbili za kupitisha umeme, mbili za kupima volti, nikaushusha taratibu kuelekea nitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye kelvini 77 (kama nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri). Ukinzani ulipungua kidogo kidogo kama wa metali yoyote, kisha karibu na kelvini 89 ukaporomoka hadi mita isione kitu. Vigelegele! Umeme wa jiji ukakatika papo hapo. Bahati mita yetu ni ya betri.

Sasa lawama. Mzigo ulifika Januari, mvua zimechachamaa, ndani ya kiboksi cha plastiki kisicho hata na kifuko cha kunyonya unyevu. YBCO na maji hawapatani. Pembe moja ilishapoteza weusi wake wa kung'aa, ikawa ya kijivu. Nilipolalamika nikajibiwa nihifadhi mahali pakavu. Lubumbashi, Januari! Dwane, watu wa forodha, nao wakataka kujua kama ni madini.

Anayetaka sumaku ielee juu ya supakondakta mbele ya watoto achukue kidonge kinene cha oksidi hiyohiyo, ni nafuu zaidi. Kwa kupima ukinzani nitarudi kwa muuzaji yuleyule, ila nitaongeza pesa aufunge kwenye pakiti isiyopitisha hewa.