Drupal katika Tovuti ya Chuo Kikuu
Drupal, programu huria ya kuendesha tovuti iliyotolewa mwaka 2001, inakifaa chuo chenye vitivo vingi, kwa kuwa humwezesha msimamizi kupanga kwa undani nani ahariri nini. Ugumu niliouona chuoni kwetu ulikuwa kwingine: makatibu muhtasi walifundishwa siku moja tu, wakarudi ofisini na kuendelea kupakia ratiba za mitihani zilizoskaniwa kimshazari, zenye mhuri juu ya tarehe, zisizosomeka kwenye simu ya mwanafunzi. Wakuu wa idara, kama kawaida, waligombea picha za ukurasa wa mbele. Kuhama toleo la 7, lililokoma kuhudumiwa Januari 2025, kulikuwa karibu sawa na kujenga tovuti upya. Ningeichagua tena, mradi uhariri uandikwe kwenye majukumu ya mtumishi.