Uzoefu wangu: kutafuta spea kwenye saiti ya matangazo, ukizidisha maneno ndo unapotea kabisa

Saiti yenyewe siitaji jina, ni moja ya hizi za kuuza na kununua vitu, mali zipo kibao na bei zinaongeleka, tatizo ni kile kiboksi cha kutafutia. Nilikua nataka bampa la nyuma la Toyota IST, nikaandika hivyohivyo "bampa la nyuma la IST", kwanza kabisa naletewa kiwanja kinauzwa "nyuma ya sheli", chini yake kava la simu la nyuma, halafu bampa la mbele la Noah 😂 IST yenyewe iko huko chini mpaka uskroo weee.

Kinachotokea ni kwamba inaleta tangazo lenye neno lolote kati ya uliyoandika, hata likiwa na moja tu. Wikipedia kwa mfano haiko hivyo, kule ukiandika maneno matatu ukurasa lazima uwe nayo yote matatu. Halafu kuna hili la Kiswahili chetu, mashine nyingi za kutafuta zimezoeshwa Kiingereza, vineno vyao kama the na of zinajua kuviruka, ila "la" na "ya" zetu zinazihesabu kama neno la maana, sasa tangazo gani Bongo halina "ya" jamani?

Nikasema ngoja niweke alama za nukuu, "bampa la nyuma", hapo inabana kweli, maneno yanatakiwa yafuatane vilevile. Ila wauzaji wetu nusu wanaandika bampa la, nusu bampa ya, mwingine kaandika bamper kizungu, kwahiyo ukibana sana unawakosa wenye mzigo.

Kilichonisaidia ni kutoka nje na kuingilia Google, unaandika site: unaunganisha na anwani ya hiyo saiti bila kuacha nafasi, halafu bampa nyuma IST, la na ya unaziacha, mwishoni -mbele ili matangazo yenye neno mbele yasije, na hiyo alama ya kutoa iguse neno, ukiweka nafasi katikati haifanyi kazi. Yakaja matangazo ya maana, moja la jamaa wa Ilala, bampa zima ila rangi tofauti na gari yangu, tukaelewana bei.

Nyota mbili, zote za wauzaji.