Jiko banifu la mkaa: tathmini yangu baada ya miezi minane jikoni Dodoma

Jiko hili nililinunua kwa Sh28,000 kwa fundi mmoja anayeuza pembezoni mwa soko hapa Dodoma mjini, wakati jiko la kawaida la bati la ukubwa uleule lilikuwa likiuzwa Sh8,000 tu. Tofauti hiyo ya bei ilinifanya nisite, kwa sababu nyumbani tuko watu saba na kila shilingi ina kazi yake. Sasa nimelitumia kwa miezi minane, karibu kila siku, na naona nina haki ya kulisema kwa mazuri yake na kwa mapungufu yake.

Kwa nje ni bati lililopakwa rangi ya fedha, na kwa ndani limejengewa ukuta wa udongo uliofinyangwa na kuchomwa, wenye unene wa vidole viwili hivi, pamoja na sahani ya udongo yenye matundu inayobeba mkaa. Udongo huo ndio unaofanya kazi, kwa kuwa unazuia joto lisipotelee ubavuni kama linavyopotea katika jiko la bati tupu, ambalo ukilisogelea linakuunguza miguu kabla sufuria haijachemka. Chini kuna mlango mdogo wa hewa, na ukishazoea kuufunga nusu mara chakula kinapoanza kuchemka, mkaa hukaa na moto wa taratibu kwa muda mrefu.

Sikutaka kuamini maneno ya muuzaji, kwa hiyo nilipima mwenyewe kwa mizani. Kilo moja ya maharage makavu, bila kuyaloweka, ilikula gramu 1,100 za mkaa kwenye jiko langu la zamani, na gramu 700 kwenye hili jipya. Gunia lililokuwa likiisha ndani ya wiki tano sasa linatufikisha karibu wiki nane. Kwa kuwa gunia nalinunua Sh70,000, bei ya jiko ilikuwa imesharudi kabla gunia la kwanza halijaisha. Baadaye nilianza kuyaloweka maharage usiku kucha na kuyapika yakiwa yamefunikwa, na mkaa ukapungua zaidi, jambo linalonionyesha kwamba mazoea ya mpishi yana uzito wake hata kama jiko ni zuri.

Kipimo kigumu kuliko maharage kilikuwa ugali. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Mvumi alitaka kusonga ugali wa uwele wa kula na mlenda, na ugali wa uwele haubembelezwi. Jiko liliteleza sakafuni mara mbili, na mafiga yake matatu ya chuma, ambayo ni mafupi na laini, hayakuishika sufuria vizuri. "Mwanangu, jiko lako lina moto mzuri, lakini halina miguu," aliniambia huku akilizuia kwa kisigino. Alisema kweli. Tangu siku hiyo ninasonga ugali nikiwa nimelizungushia matofali mawili, na ningependa mafundi watengeneze kitako kipana zaidi, kwa sababu jiko lisilostahimili mwiko wa ugali halijamfikiria mpishi wa huku kwetu.

Mwezi wa nne ukuta wa udongo ulipata ufa kutoka juu hadi kwenye sahani. Nililirudisha kwa fundi, akaniambia kwamba halina dhamana na kwamba huenda nililimwagia maji, jambo ambalo sikulifanya. Niliuziba ufa huo kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, na hadi leo umeshika, lakini mtu anayelipa zaidi ya mara tatu ya bei ya jiko la bati anastahili kauli bora kuliko ile.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kulinunua, ambayo kwangu ni kubwa kuliko fedha. Mkaa tunaotumia mjini hutoka kwenye miti ya mikoa hii hii kame, ambako kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600 na huja katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Katika matanuru ya kienyeji ya udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa. Kwa hesabu hiyo, zile gramu 400 nilizookoa katika chungu kimoja cha maharage ni kilo mbili hadi nne za mti uliobaki umesimama.

Najua wapo wanaosema kwamba mabadiliko ya tabianchi hayakuletwa na jiko la Mtanzania, na wana hoja, kwa kuwa sehemu ya Tanzania katika gesijoto za dunia haifiki hata asilimia moja. Nchi zilizochoma makaa ya mawe na mafuta kwa miaka mingi zina deni lao, nami siwezi kulilipa kwa jiko. Lakini udongo unaoporomoka baada ya miti kukatwa ni wa kwetu. Kondoa ilishafikia mmomonyoko mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumzike. Leo wakulima wa mkoa huu wanapunguzia matawi visiki vilivyo hai ili vikue tena kuwa miti, kazi inayojulikana kwa jina la Kisiki Hai, na mimi wa mjini nikiendelea kuchoma gunia kila wiki tano ninaibomoa kazi yao.

Hata hivyo, nisimdanganye mtu: hili bado ni jiko la mkaa. Linatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyoonekana, kama majiko mengine ya mkaa, kwa hiyo kamwe lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiachwe linawaka ili kupasha chumba joto usiku wa baridi ya Julai. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwangu chai na mboga zimeshahamia kwenye mtungi wa gesi wa kilo sita, lakini maharage, makande na ugali wa watu saba bado vinapikwa hapa.

Anayekwenda kulinunua aligonge ukuta wa udongo kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipa. Ukilia kama chungu kizima, ni imara. Ukitoa sauti ya kufifia, kuna ufa ndani, naye aombe jingine. Aangalie pia kama mlango wa hewa unafunguka na kufungika bila kukwama, kisha alibonyeze kwa mikono miwili pale pale sokoni kama anayesonga ugali.