Hita ya lita 50: niliifunga stoo, nikaihamishia kwenye ukuta wa choo cha mama

Hita yenyewe sina neno nayo. Ni ya kupashia maji kwa umeme, lita 50, tunayo nyumbani Fuoni, Unguja, mwaka wa pili sasa, na tangi halijavuja. Nililokosea ni mahali pa kuifunga.

Mara ya kwanza niliiweka stoo, kwa sababu mita ya umeme iko hapo na waya ungekuwa mfupi. Kutoka stoo hadi choo cha mama ni bomba la mita 12 hivi. Mimi nikioga sikuona tabu, nangoja kidogo maji moto yanafika. Lakini hita niliinunua kwa ajili ya mama, ili kipupwe kikiingia atawadhe alfajiri bila ya kuumwa na viungo. Nilipomuuliza vipi, akanambia: "Yanakuja nikishamaliza, mwanangu."

Jibu lile liliniuma. Nikakaa nikapiga hesabu. Bomba la nusu inchi hubeba kiasi cha lita 0.15 kwa kila mita, kwa hiyo mita 12 ni karibu lita mbili. Mtu asiyefanya israfu hutawadha kwa maji kama hayo tu! Mama alikuwa akitawadha kwa maji baridi yaliyolala bombani, na yale ya moto yakija nyuma yake yanabaki humo humo mpaka yapoe. Hata ningenunua tangi la lita 100, hali ingekuwa ile ile.

Fundi alinishauri niipandishe darini, juu ya choo. Nilikataa. Huko ikianza kuvuja hutajua mpaka dari lianguke, na kukagua ni lazima utafute ngazi. Nje napo sikupataka, upepo wa kusi una chumvi, bati la hita haliwezi kudumu.

Mwisho tumeifunga ukumbini, kwenye ukuta ambao upande wa pili ndio choo cha mama. Bomba ni mita moja na nusu. Swichi iko ukumbini pia, mbali na maji, na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini ukivuja, nilihakikisha umefungwa nikiona kwa macho yangu. Ukuta ndio ulionipa wasiwasi: tangi likijaa, maji peke yake ni kilo 50, na matofali yetu ni ya matundu. Skrubu za kushikwa na plagi za plastiki hazifai hapo. Tumetoboa ukuta mzima, bolti zikapita mpaka upande wa choo na vipande vya chuma nyuma yake.

Jambo jengine ni nafasi chini ya hita. Maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hugandia elementi, yaani kile chuma cha ndani kinachopasha maji. Kule stoo rafu ilikuwa imeibana hita chini, elementi haitoki bila ya kushusha tangi zima. Sasa nimeacha nafasi ya kutosha, na fundi alipoifungua alikuta magamba meupe ya kujaa kiganja.

Kasoro moja ya kazi ya fundi: valvu ya usalama, ile ya kupunguza presha ya tangi, aliiacha bila ya mpira wa kutolea maji, ukuta ukalowa, nikadhani tangi limetoboka. Kumbe maji yakipata moto yanatanuka, na matone machache pale ni kawaida. Msiizibe valvu hiyo hata kidogo, tangi linaweza kupasuka. Nimeunga mpira mpaka kwenye tundu la maji machafu chooni.

Jikoni ndiko maji moto yanakochelewa sasa. Mke wangu anasema vyombo ataosha kwa maji ya birika, ila hita isirudi stoo.