Faili zinajikokota kutoka kompyuta hadi kompyuta? Nunua waya kwanza, rauta baadaye

Harusi moja hapa Mombasa hunirudisha nyumbani na video za gigabaiti 40, nami huzihamisha kutoka laptopu hadi kompyuta ya kuhariria. Zamani ilikuwa saa nzima. Sasa ni kama dakika sita, na sikugusa kifurushi cha intaneti. Nalisema hili mapema kwa sababu ndiko pesa za watu zinakopotelea: faili inayotoka chumba hiki kwenda kile haitoki nje ya nyumba, kwa hivyo kifurushi kikubwa hakiiongezei mwendo.

Kabla hujaenda dukani, fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta zote mbili, utazame kasi ya waya. Ikiandikwa 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), mwisho wako ni megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, hata mashine iwe mpya vipi. Ikiandikwa 1000, unapata kama 110.

1. Waya wa Cat5e au Cat6, wa shaba tupu

Huu ndio wa kwanza, wala sina shaka. Cat5e na Cat6 ni madaraja ya waya wa mtandao. Ndani mna nyuzi nane. Kasi ya 100 hutumia nne tu, lakini ya 1000 inazitaka zote nane. Uzi mmoja ukikatika, au kichwa kikishika kutu, kompyuta huweza kushuka hadi 100 kimyakimya na intaneti inaendelea kama kawaida, usijue kuna ubovu. Sisi wa pwani chumvi ya hewani inatula hadi vichwa vya waya. Kikiingia ukijani, mwambie fundi akubanie kipya.

Dukani, omba kukwangua ncha ya uzi kwa kisu. Ndani ikiwa nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hukatika upesi, uache. Cat5e inatosha hadi mita 100. Ukiuziwa Cat8 kwa ajili ya nyumba, shukuru uondoke.

2. Swichi ya gigabiti, matundu matano

Swichi ni kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, na gigabiti ndiyo kasi ya 1000. Rauta nyingi za bei nafuu zina matundu ya 100. Chomeka kompyuta zote mbili kwenye swichi, kisha rauta nayo ichomeke hapo hapo. Boksi liwe limeandikwa 10/100/1000. Likiishia 10/100, lirudishe.

3. Adapta ya USB, kwa laptopu isiyo na tundu la waya

Iwe ya USB 3.0 na gigabiti. Ya USB 2.0 hukwama karibu na megabaiti 40 hata kwa waya mzuri.

4. Rauta mpya ya waifai

Kwa kazi hii naiweka mwisho. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na masafa ya gigahezi 5, yenye kasi, ndiyo yanayoshindwa zaidi kuzipenya. Tena kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai, hugawana hewa ile ile, kila baiti ikipita mara mbili: kwenda kwa rauta, kisha kutoka. Hata ukichomeka moja tu kwa waya, utaona tofauti.

Ikiwa waya unasoma 1000 na bado ni pole pole, tazama diski, huenda ndiyo inayochelewesha. Na picha elfu tano ndogo huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye uzito huo huo, kwa hivyo zifunge kwanza ziwe faili moja ya zip.